Ukikutana na “by”: uandike “na”, “kwa”, “kando ya” au “kufikia”?

Anayetafsiri tangazo la zabuni, lebo ya dawa ya mikorosho, mkataba wa kibarua au fomu ya uraia kutoka Kiingereza atakutana na “by” karibu kila ukurasa. Ni herufi mbili, lakini Kiswahili hakina neno moja linaloibeba kila mahali. Hapa huwa “na”, pale “kwa”, kwingine “kando ya” au “kufikia”, na mara nyingine hupotea kabisa ndani ya kitenzi. Ulinganisho huu ni kwa makarani wa vyama vya msingi vya ushirika huku Mtwara na Lindi, mafundi wanaosoma ramani za kigeni, waongoza watalii wa Mikindani na Kilwa, na wanafunzi. Tarehe na hesabu tumezipa nafasi kubwa kuliko mengine, maana huko kosa la neno moja hugeuka kuwa hasara ya fedha.

Kanuni ya kuanzia ni moja: usiikodolee macho “by” yenyewe, tazama kinachoifuata. Ni mtu? Ni kifaa? Ni mahali, wakati, au namba? Kila kimoja kina neno lake.

“Na” dhidi ya “kwa”: nani kafanya, na kwa kutumia nini

Baada ya kitenzi cha kutendwa, mtenda huchukua “na”: korosho zimepimwa na karani, barua imesainiwa na katibu. Kifaa au njia huchukua “kwa”: zimepimwa kwa mizani ya kidijitali, imetumwa kwa baruapepe. Nguvu za asili huhesabiwa kama mtenda, kwa hiyo mashua imepigwa na wimbi, na mahindi ya bondeni yameharibiwa na mafuriko ya Ruvuma.

Ugumu huanza pale kifaa kinaposimama mahali pa mtenda. “Amekatwa na panga” humfanya msikilizaji aone panga lililoteleza mtu akifyeka shamba. “Amekatwa kwa panga” inaashiria yupo aliyelishika. Kiingereza nacho hutenganisha: “cut by a machete” iko karibu na ya kwanza, “cut with a machete” iko karibu na ya pili. Kwenye taarifa ya zahanati au maelezo yanayoandikwa kituo cha polisi, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha ajali na shambulio, kwa hiyo mfasiri asichague kwa mazoea ya ulimi.

Kosa zito zaidi ni kuweka “kwa” mbele ya mtu au taasisi ukidhani imebeba maana ya “by”. “Fedha zimelipwa na chama” maana yake chama kimetoa. “Fedha zimelipwa kwa chama” maana yake chama kimepokea. Katika biashara ya korosho, ufuta na mbaazi, fedha na nyaraka hupita mikononi mwa wengi: mnunuzi, chama kikuu, chama cha msingi, mwendesha ghala, mkulima. Sentensi yenye “by” na “to” kwa pamoja lazima ibaki na alama zote mbili: “zimelipwa na mnunuzi kwa chama kikuu”. Ukidondosha moja, anayesoma stakabadhi hajui nani anamdai nani.

“Na” nayo ina udhaifu wake. “Alionekana na mama yake sokoni”: mama ndiye aliyemwona, au walionekana wakiwa wote wawili? Sentensi haijibu. Ikiwa Kiingereza kimesema “was seen by his mother”, achana na kitenzi cha kutendwa uandike “mama yake alimwona sokoni”. Kwa maoni yetu hii ndiyo dawa bora kila “na” inapoleta utata: mpe mtenda nafasi ya mbele. Kiingereza cha ofisini hupenda kutendwa kuliko Kiswahili kinavyopenda, na tafsiri inayofuata kila “by” na “na” yake huchosha hata pale ambapo haijakosea.

Kwenye sahihi za mikataba, “signed by” ni “imesainiwa na”, lakini “by and between” ni “kati ya” peke yake. Mtu akisaini kwa ajili ya kampuni, andika “kwa niaba ya”.

“The” inapoingia katikati

Wanafunzi wengi huipita “the” bila kuitazama, na kumbe ndiyo inayoamua. “By sea” ni kwa njia ya bahari. “By the sea” ni kando ya bahari. Mtalii akiuliza kama Kilwa Kisiwani hufikiwa “by sea”, jibu ni ndiyo, kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Akiuliza kuhusu nyumba ya wageni “by the sea”, anataka chumba kinachotazama maji, hajauliza usafiri.

“By day” ni wakati wa mchana. “By the day” ni kwa hesabu ya siku. Mkataba unaosema mlinzi anafanya kazi “by day” unazungumzia zamu. Unaosema analipwa “by the day” unazungumzia ujira, yaani siku asiyofika halipwi. Vivyo hivyo “by the kilo” ni kuuza kwa kilo, “by the hour” ni kulipwa kwa saa. Na “by hand” ni kwa mkono, kama kubangua korosho bila mashine, ilhali “take her by the hand” ni mshike mkono, bila “kwa” yoyote.

Kwa mahali, Kiswahili kina machaguo zaidi ya Kiingereza, basi yatumie. “Kando ya” inafaa kitu kirefu: mto, barabara, ufuko. “Karibu na” inafaa jengo au kituo. “Jirani na” husikika vizuri kwa nyumba na maduka. “Ubavuni mwa” ni kwa kilichogusana au kukaribiana sana na kingine.

“Pass by” ina mitego miwili. “Passed by the bank” mara nyingi ni kupita mbele ya benki bila kuingia. “Stopped by the bank” ni kupitia benki, kuingia na kutoka. Kiswahili kinatenganisha kwa irabu moja tu: alipita benki, alipitia benki. Ukiwa unaandika maelezo ya safari ya mtu, hakikisha irabu hiyo iko mahali pake.

Tarehe: hapa usikimbilie neno la kwanza

“Submit by 15 October” kwa Kiingereza cha kawaida inaijumuisha tarehe 15 yenyewe. Anayewasilisha tarehe 15 yuko ndani ya muda. Sasa tazama Kiswahili kinavyoweza kulibeba sharti hilo:

| Ukiandika | Tarehe 15 imo? | Inafaa wapi |
|---|---|---|
| kabla ya tarehe 15 | Haimo, mwisho ni 14 | Pale tu Kiingereza kinaposema “before” |
| hadi tarehe 15 | Imo | Jambo linaloendelea: ghala litapokea mzigo hadi tarehe 15 |
| kufikia tarehe 15 | Kwa kawaida imo, lakini wapo wanaobishana | Taarifa, mipango, makadirio |
| mwisho ni tarehe 15 | Imo bila ubishi | Zabuni, maombi ya kazi, ada, rufaa |

Tafsiri ya “kabla ya” ndiyo inayoonekana zaidi kwenye matangazo, na inamnyang’anya msomaji siku nzima. Mzabuni anayeisoma kwa makini ataamini amechelewa tarehe 15 asubuhi na kuacha kupeleka bahasha, huku mwenzake aliyesoma nakala ya Kiingereza akiipeleka na kupokelewa. Kama tangazo lina lugha zote mbili, hapo pana mzozo tayari.

“Hadi” ina tatizo la aina nyingine. Ni neno la jambo linaloendelea mpaka ukomo, sawa na “until”. “Dirisha liko wazi hadi Ijumaa” ni sahihi. “Leta hati hadi Ijumaa” haikai, kwa sababu kuleta hati ni tendo la mara moja. Mwajiri akiandika “finish the roof by Friday” na fundi akaambiwa “ezeka hadi Ijumaa”, fundi anaweza kuelewa aendelee kuezeka mpaka siku hiyo, imalizike isimalizike. Mwambie: “paa liwe limekamilika ifikapo Ijumaa jioni.” Huo “liwe limekamilika” ndio uzito wa “by”: tendo liwe limeshatimia wakati huo ukifika.

Hiyo inatupeleka kwenye nyakati za vitenzi. “The road will have been completed by December” ikitafsiriwa “barabara itakamilika Desemba”, msomaji anasubiri Desemba yenyewe, na ikikamilika Oktoba anaona ni ajabu. Andika “ifikapo Desemba barabara itakuwa imekamilika”. Kwa wakati uliopita: “kufikia Desemba iliyopita, tani zote zilikuwa zimeshasafirishwa”. “By now” ni “sasa hivi angekuwa ameshafika”, na “by the time we arrived” ni “tulipofika, tayari walikuwa wameondoka”. Neno “tayari” hufanya kazi nzuri hapa.

Kisha saa. “By 10:00 a.m.” ni mwisho saa 4:00 asubuhi, na “by 4:00 p.m.” ni mwisho saa 10:00 jioni. Kosa la kunakili tarakimu bila kugeuza ni la kawaida na lina madhara makubwa: tangazo la Kiingereza lenye “by 10:00” ya asubuhi likiandikwa “mwisho saa 10:00”, msomaji wa Masasi au Nachingwea atafika jioni, saa sita nyuma ya muda, na bahasha yake haitafunguliwa. Ongeza au punguza saa sita, kisha lazima uandike asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mifumo ya maombi ya mtandaoni inayofunga saa 23:59 kwa hesabu ya saa 24 inafunga saa 5:59 usiku.

Usiku nao uandikwe kwa uangalifu. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku huanza jua likizama, hivyo “usiku wa Ijumaa” kwa wazee wengi ni usiku unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. “By Friday night” iandikwe “Ijumaa usiku, mwisho saa 6:00”, na kama jambo ni zito ongeza “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Maneno manne ya ziada ni nafuu kuliko mzozo.

Tunachopendekeza kwa tangazo lolote lenye adhabu ya kuchelewa: usitafute neno la kulingana na “by”. Andika sentensi kamili: “Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Oktoba, saa 10:00 jioni. Maombi yatakayofika baada ya hapo hayatapokelewa.”

Namba: “kwa” na “hadi” si ndugu

Bei ya kilo ilikuwa shilingi 3,000. Ikisemwa “fell by 600”, imepungua kwa 600, sasa ni 2,400. Ikisemwa “fell to 600”, imeshuka hadi 600. Vipande viwili vya herufi mbili, tofauti ya shilingi 1,800 kwa kila kilo. Kwa hiyo “by” ni “kwa”, “to” ni “hadi”, na usiwahi kuandika “imeshuka 600” ukaacha msomaji akisie.

Asilimia inahitaji hatua moja zaidi. Unyevu wa mzigo ukipanda kutoka asilimia 10 hadi 12, umeongezeka kwa pointi 2 za asilimia, lakini ukilinganisha na ulipoanzia umeongezeka kwa asilimia 20, maana 2 ni sehemu ya tano ya 10. Kiingereza sanifu hutenganisha “by 2 percentage points” na “by 20 percent”. Kiswahili cha taarifa nyingi huandika “kwa asilimia 2” na kumwachia msomaji utata. Njia salama ni kutaja namba zote mbili: kutoka 10 hadi 12.

Hesabu za darasani ni rahisi, ila zina shimo moja. “Divide 12 by 3” ni gawanya 12 kwa 3, jibu 4. “Divide 12 by a half” ni gawanya 12 kwa nusu, na jibu ni 24, wala si 6. Anayetaka 6 amekusudia “divide in half”, gawanya nusu kwa nusu.

Vipimo vya eneo na mbao havina shida: chumba cha futi 10 kwa 12, mbao ya mbili kwa nne. Hapo “kwa” ndiyo lugha ya fundi mwenyewe.

Mchanganyiko ndipo penye kazi. Lebo na ramani husema “by weight” au “by volume”, kwa uzito au kwa ujazo, na mafundi wengi huruka maneno hayo wakachukua uwiano peke yake. Tazama zege la 1:2:4. Kwa ujazo, mfuko wa saruji wa kilo 50 ni takriban lita 35, kwa hiyo unahitaji lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto, sawa na ndoo tatu na nusu na ndoo saba za lita 20. Kwa uzito, mfuko huohuo unakwenda na kilo 100 za mchanga na kilo 200 za kokoto. Lita 70 za mchanga mkavu hukaribia kilo 110, kwa hiyo hesabu mbili hazikutani. Mchanga ukiwa na unyevunyevu mambo huzidi kugeuka: chembe zake huachana, mchanga ukavimba, ndoo ikaonekana imejaa huku mchanga halisi ndani yake ni pungufu. Anayepima kwa ndoo baada ya mvua anaweka mchanga kidogo kuliko anavyodhani. Kama ramani imesema “by weight”, ndoo haitoshi bila kuipima kwanza kwenye mizani. Kama imesema “by volume”, mfuko mmoja usihesabiwe kuwa sawa na ndoo mbili kwa kukisia.

Maji ya chumvi ya “10% by weight” hupatikana kwa gramu 100 za chumvi na gramu 900 za maji, jumla gramu 1,000. Ukitia gramu 100 kwenye lita nzima ya maji umepata kama asilimia 9.1. Kwa jikoni haidhuru. Kwa dawa, fuata maneno ya lebo herufi kwa herufi.

Kwenye fomu na sheria

Mkoa wa Mtwara umepakana na Msumbiji, hivyo huku maswali ya uraia si ya nadharia. “Citizen by birth” ni raia wa kuzaliwa, “by descent” ni wa kurithi, “by naturalisation” ni wa tajnisi au kuandikishwa. Hapa kiunganishi ni “wa”, na “raia kwa kuzaliwa” inasikika ya kigeni japo inaeleweka.

“By law” ni kwa mujibu wa sheria. “By-law”, yenye kistari, ni sheria ndogo, kama zile za halmashauri kuhusu ushuru na usafi. Wanaochunguza asili ya maneno wengi huihusisha silabi hiyo na neno la kale la Skandinavia lenye maana ya mji au kijiji, lile linalomalizia majina ya miji ya Uingereza kama Whitby na Grimsby. “By-election” ni uchaguzi mdogo. “By-product” haina neno moja lililokubalika kila mahali. Tunaona “zao la ziada” linatosha. Kwa korosho tuna mifano mingi: mafuta ya maganda, na mabibo yanayokaushwa kuwa kochoko.

Misemo isiyofuata kanuni

“By himself” ina maana mbili. Kama hakuwa na mwenzake, andika “peke yake”. Kama hakusaidiwa, andika “mwenyewe”. “One by one” ni mmoja mmoja, “little by little” ni kidogo kidogo, maana Kiswahili hurudia neno badala ya kuweka kiunganishi. “By heart” ni kwa moyo, “by force” ni kwa nguvu, “by mistake” ni kwa bahati mbaya au kwa kukosea.

Angalia sana “by all means”. Si “kwa njia zote”. Mgeni akiomba kuingia kutazama boma la Mikindani akajibiwa “by all means”, amekaribishwa: “bila shaka, karibu”. “By no means” ni “hata kidogo”, na “by any means” ndiyo “kwa njia yoyote”.

Anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza ana tatizo la kinyume, kwa kuwa “kwa” yetu inaweza kuwa “by”, “with”, “for”, “to” au “at”. Kwa usafiri, tumia “by” bila “a” wala “my”: “by bus”, “by boat”. Ukitaja chombo mahususi, “by” inaondoka: “in my car”, “on his motorcycle”. Kwa miguu ni “on foot”. Kwa kifaa kinachoshikwa ni “with”: “with a pen”, “with a key”. Na “niko kwa shangazi” ni “at my aunt’s”. Ukiandika “by my aunt”, msomaji atasubiri kujua shangazi amefanya nini.